Bati, Mkeka na Jua la Utosini

Simama pembeni ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Isiolo, na baada ya muda mfupi utakuwa umeyasikia maswali yote. Geji ngapi? Rangi gani ipo? Pisi moja mnatoa kwa bei gani? Gari la kufikisha Garbatulla ni juu ya nani? Mnunuzi atalikunja bati kidogo kwa kidole gumba, ataligonga asikie mlio wake, atauliza kama linashika kutu. Sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza: saa nane mchana, mtoto wangu akilala chini ya bati hili, atapata usingizi? Na anakwenda kujenga mahali ambapo swali hilo lilipaswa kutangulia mengine yote.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nilipelekwa mji wa Garbatulla, kaskazini mwa Kenya, na kazi ya ualimu, nikafundisha fizikia huko kwa miaka, na somo la joto ndilo lililonikalia vibaya kuliko yote. Nilikuwa nikiandika ubaoni kwamba joto husafiri kwa njia tatu, kwa kugusana, kwa mwendo wa hewa na kwa mionzi, huku wanafunzi wakijipepea kwa madaftari na jasho likidondoka juu ya maneno niliyokuwa nikiwaandikisha. Hawakuhitaji kufundishwa kwamba kuna joto. Walihitaji mtu wa kuwaambia linatoka wapi na linazuiwaje.

Linatoka juu. Hili ni jambo dogo la jiografia lakini ndilo linaloamua kila kitu. Garbatulla iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa Ikweta. Machi na Septemba jua la adhuhuri liko utosini kabisa, na katika miezi mingine yote halipindi zaidi ya digrii 24 kutoka utosini. Misri au Omani ni jangwa pia, lakini huko jua la majira ya baridi hupita chini, likaingia madirishani na kuchoma kuta. Kwetu, ukuta unaotazama kaskazini au kusini huguswa kwa mshazari tu, na upenu mrefu huukinga kwa sehemu kubwa ya mchana. Ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi, wa magharibi hupigwa alasiri. Paa hupigwa tangu saa tatu hadi saa kumi, na hupigwa wima. Mtu anayemwaga pesa katika kuta nene akaliacha paa tupu amefunga mlango na kuacha juu wazi.

Nyumba niliyokodi ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za matofali ya saruji, bati tupu bila dari. Ukisimama katikati ya chumba mchana, hewa yenyewe haikuwa na joto la ajabu. Ilikuwa kama ya nje kivulini, au ilizidi kidogo. Kilichoumiza ni kitu kingine. Utosi na mabega yalihisi kama yamesogezwa karibu na jiko. Nilipoinua daftari na kulishika juu ya kichwa, joto la utosini lilikatika papo hapo, ingawa hewa ilikuwa ile ile. Hilo nililifanya darasani baadaye, wanafunzi wote wakiwa na daftari kichwani, na mnong'ono uliopita chumbani ulinionyesha kwamba wamenielewa kuliko kwa chaki yoyote. Bati lililopata moto hurusha mionzi ya joto chini mchana kutwa. Kufungua madirisha husaidia hewa, lakini hakuzuii mionzi. Kinachozuia mionzi ni kitu kinachosimama kati yako na bati.

Watu hunijibu kwamba bati jipya linang'aa na kurudisha jua lilikotoka. Ni kweli, kwa kiasi. Bati jipya la zinki hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, lakini lina tabia nyingine mbaya: kile kidogo linachokipokea halikiachii upesi, kwa hiyo nalo huchemka, na ukiweka kiganja juu yake adhuhuri utakiondoa mara moja. Kisha mng'aro wenyewe haudumu. Vumbi la Garbatulla hulipaka siku ya kwanza, hewa huligeuza la kijivu, na kutu ikianza kwenye misumari na kingo, bati linaanza kumeza jua badala ya kulirudisha. Ukinunua bati kwa sababu ya kung'aa, umenunua kitu cha muda mfupi.

Lakini bati lina wema ambao wataalamu wengi wa mjini huusahau, na naomba nikae hapo kidogo. Ni jembamba, kwa hiyo halihifadhi joto. Jua likizama, bati huanza kulia, ta, ta, ta, chuma kikijikunja, na kabla ya sala ya isha limepoa. Usiku wenye mbingu safi hupoa hata chini ya hewa yenyewe. Linganisha na paa la zege lililo bapa, ambalo siku hizi baadhi ya wenye uwezo wanalijenga wakidhani ndilo dawa. Zege hulimeza jua la mchana polepole na kulitoa polepole upande wa pili, na saa za kulitoa ni zile ambazo wewe umelala chini yake. Katika majangwa yaliyo mbali na Ikweta, au yaliyo juu milimani, ambako usiku unakuwa baridi ya kutaka blanketi, zawadi hiyo hupokelewa kwa furaha. Garbatulla iko nyanda za chini na usiku wake ni wa joto. Nimewaona waliojenga zege wakitoa magodoro nje hadi usiku wa manane.

Kwa hiyo bati ni rafiki wa usiku na adui wa mchana. Basi swali linakuja: ni nani anayeshinda ndani mchana? Ni mama aliyejifungua, mtoto mchanga, mzee asiyeweza kwenda kukaa chini ya mgunga, mgonjwa kitandani, mwanafunzi darasani. Mwenye kwenda Isiolo kulinunua bati hushinda sokoni au malishoni, na hulijua paa lake kwa usiku tu, wakati liko vizuri. Naamini hii ndiyo sababu maswali ya kaunta ni yale niliyoyataja. Anayechagua siye anayechomeka.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Kiborana ambaye watoto wote wa mtaa walimwita Akko, nami nikamwita hivyo. Uani kwake zilikuwa nyumba mbili. Mbele, nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe, yenye kuta zilizopakwa rangi na kochi lililofunikwa vitambaa. Nyuma yake, nyumba ya duara ya fito zilizopindwa, iliyofunikwa mikeka na nyasi, na juu yake pameongezwa kipande cha turubai pale mikeka ilipochoka. Wageni walipokewa mbele. Akko mwenyewe alishinda nyuma.

"Akko, mbona umeiacha nyumba mpya?" nilimuuliza.

"Sijaiacha, mwalimu. Ile ni ya heshima. Hii ni ya kukaa."

Akanikaribisha ndani, nikaketi, na macho yalipozoea giza nikaanza kuona kazi iliyofanywa. Mikeka haikuwa tabaka moja. Ilipandana, na kati ya tabaka na tabaka mlikuwa na hewa. Nyasi za nje ndizo zilizokula jua. Mkeka wa ndani nilipougusa ulikuwa wa vuguvugu tu. Upande ulikotoka upepo, Akko alikuwa ameinua ukingo wa mkeka kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini na kuuegemeza juu ya jiwe, na kule juu, nyasi zilikuwa nyepesi kiasi cha kupitisha hewa. Upepo uliingia chini, ukapita miguuni, ukatokea juu. Jua liliposogea, alisogeza jiwe. Nilikuwa nimekwenda mbali kusomea mambo haya, na hapa ameketi mtu aliyeyajua kwa mikono tangu utotoni, kwa sababu kwa Waborana ujenzi wa nyumba hii ni kazi ya wanawake, mama humrithisha binti.

Ni haki kuuliza kwa nini basi watu waliziacha nyumba hizo. Historia inajibu sehemu. Nyumba ya mikeka ni ya watu wanaohama. Hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa upya penye malisho. Wakati wa vita vya Shifta, miaka ya 1960, Waborana wa eneo hili walikusanywa na serikali katika kambi za Garbatulla, Merti na Modogashe, mifugo ikafa kwa wingi, na familia nyingi hazikupata tena ngamia wa kuhamia. Mtu aliyekaa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, na nyasi za kuezekea zimekwisha kandokando ya mji, anatafuta paa lisilohitaji kubadilishwa. Kwanza yalikuja madebe ya mafuta ya kupikia yaliyopasuliwa na kunyooshwa, ambayo hadi leo utayaona kwenye kuta za vibanda. Kisha mabati. Tena mchwa hali bati, mbuzi hali bati wakati wa ukame, na cheche ya jiko hailichomi. Mwenye kuishi na makuti au nyasi anajua hofu ya moto ni nini. Sisi watu wa Lamu tunaijua sana.

Na kuna heshima. Kenya nzima imelipa bati hadhi hiyo. Katika uliokuwa Mkoa wa Kati, tangu miaka ya 1960, wanawake waliunda vikundi vya kuchangishana ili kila mmoja kwa zamu aezekewe nyumba, vikaitwa vikundi vya mabati kwa jina la kile walichokinunua. Sitaki kamwe kumwambia mama wa Garbatulla kwamba asitamani alichokitamani mama wa Murang'a, huko Kati. Nataka tu asiteseke chini yake.

Akko ndiye aliyenipa dawa, na aliitoa kama mtu anayesema jambo lililo wazi. "Weka mkeka chini ya bati lako. Kwani bati limekukataza?"

Nyumbani kwangu tulifunga nyaya za chuma kutoka ukuta hadi ukuta, tukazikaza, tukalaza mikeka juu yake na kuishona pamoja kwa kamba. Kati ya mkeka na bati tuliacha nafasi ya dhiraa moja au zaidi kidogo. Fundi akabomoa matofali mawili mawili kwenye kuta za pembeni, juu ya mkeka na chini ya kilele cha paa, tukaziba matundu kwa wavu mzito. Wavu ulikuwa wa lazima. Bila huo popo wangehamia siku ile ile. Matundu yale ndiyo moyo wa kazi yote. Bila matundu, hewa iliyonaswa kati ya bati na dari huchemka na kuichemsha dari, na dari nayo inaanza kurusha mionzi. Kukiwa na matundu pande mbili, upepo wa alasiri, na Garbatulla hainyimwi upepo, huisomba hewa ile ya moto na kuitoa nje kabla haijashuka.

Mchana uliofuata niliketi mezani nikasahihisha madaftari. Jua lilikuwa lile lile na bati lilikuwa lile lile, lakini kile kitu kilichokuwa kikinikaa utosini kilikuwa hakipo. Hewa ilikuwa bado ya joto. Mkeka si mashine ya baridi. Ila joto la hewa mwili unalimudu kwa jasho na upepo kidogo. Usumbufu ulikuwapo pia, vumbi kudondoka, na nge mara moja moja, kwa hiyo kila baada ya muda ilibidi mikeka ishushwe na kukung'utwa.

Nilipokuwa naitazama kazi ile ndipo nilipoitambua Lamu. Nyumba zetu za mawe, zile zilizoufanya mji wa kale uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zina sakafu nzito ya juu iliyolazwa kwenye boriti za mikoko, mawe na chokaa. Lakini wazee hawakuiacha sakafu hiyo ipigwe na jua. Juu yake wengi walisimamisha nguzo na kuezeka paa la makuti, wazi pande zote, upepo ukipita katikati. Jua lilikula makuti. Sakafu ilikaa kivulini. Watu walilala chini yake, au juu yake usiku. Nimekulia chini ya mapaa mawili bila kujua kwamba ni mawili. Akko naye ana mawili, nyasi na mkeka. Wenye nyumba za bati tupu peke yao ndio wanaoishi chini ya moja.

Fikra hii ya mapaa mawili ndiyo iliyompa sifa duniani msanifu majengo Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso. Shule ya msingi aliyoijengea kijiji chake, iliyokamilika mwaka 2001, ina dari ya matofali ya udongo yenye nafasi za kupitisha hewa, na juu yake bati limeinuliwa mbali kabisa kwa vyuma vyembamba, kama kwamba linaelea. Bati lile lile la dukani. Alipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Hapa kwetu amejenga chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika mwaka 2021, chenye minara mirefu inayovuta hewa ya moto juu kwa mfano wa vichuguu vya mchwa. Nikitazama picha zake namwona Akko na jiwe lake.

Sasa rangi, kwa kuwa ndiko pesa nyingi zinakopotea. Mabati ya rangi yanayopendwa sana siku hizi ni ya damu ya mzee, kijani kibichi na kijivu cha mkaa. Yanapendeza, nakubali. Lakini kila moja ya rangi hizo hulimeza jua. Ukitaka bati la rangi, chukua jeupe au la krimu. Jeupe lina faida mara mbili: hurudisha jua, na kwa kuwa limepakwa rangi huachia joto upesi kuliko zinki tupu. Litachafuka kwa vumbi, ndiyo, na mvua ya kwanza itarudisha sehemu ya weupe wake. Chokaa pia husaidia, tena ni rahisi, ila itahitaji kurudiwa na huteremka na maji. Geji nayo, mkumbuke, namba ikizidi bati linazidi kuwa jembamba: geji 28 ni nzito kuliko 30, na 30 kuliko 32. Uzito wa bati unahusu upepo na kutu, kwani dhoruba ya vumbi hung'oa bati jepesi lililopigwa misumari michache. Hauhusu joto. Mwenye pesa ya kutoka geji 30 hadi 28, na hana dari, anunue dari. Na mtu akikuletea mabamba ya zamani ya asbestosi kwa bei ya kutupa, usiyaguse. Nyuzi zake zikivunjika huingia mapafuni na hazitoki.

Jambo moja linanifanya nisiwe mpinzani wa bati hata kidogo, nalo ni maji. Nyasi na mikeka hazikusanyi maji ya kunywa. Bati hukusanya. Mvua ya milimita 10 tu, ikinyesha juu ya paa la mita 50 za mraba, ni lita 500, na hata ukipoteza moja ya tano njiani unabaki na lita 400, yaani madumu 20 ya lita 20 ambayo hakuna msichana aliyeyabeba mgongoni. Tena kwa Garbatulla, ambako mvua huja kwa misimu miwili, ganna na hagaya, kisha hutoweka, na visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, tangi lililojaa maji ya mvua ni mali. Fungeni mifereji kabla ya rangi. Mwagieni nje maji ya dakika za mwanzo, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa hiyo paa ninalolitaka lina bati juu kwa ajili ya mvua, na kitu kingine chini yake kwa ajili ya mtu.

Kitu hicho kinaweza kuwa mkeka, mbao nyembamba, jasi, hata shuka zilizoshonwa pamoja kama wanavyofanya wengi kaskazini, mradi kisiguse bati na hewa ipite juu yake. Nyumba ielekezwe ili upande mrefu utazame kaskazini na kusini. Upenu utoke mbali, angalau hatua moja. Jiko liwe nje. Mwarobaini upandwe upande wa magharibi siku msingi unapochimbwa, uwe tayari mkubwa watoto wanapokua.

Barabara ya Isiolo kwenda Modogashe ikiendelea kutiwa lami, lori la mabati linafika haraka kuliko zamani, na Garbatulla inajengwa kila mwezi: maduka, madarasa, zahanati, mabweni. Nyumba ya mtu ni uamuzi wake. Jengo la umma ni uamuzi wetu sote, na karatasi ya makadirio hupita mikononi mwa watu wanaojulikana, katika kaunti na katika bodi za shule. Nimezisoma karatasi kadhaa za aina hiyo nikiwa katika kamati. Saruji imo, bati limo, rangi ya ukuta imo, hata bamba la kuandikwa jina la mgeni wa heshima limo. Dari, pesa zikipungua, ndiyo hukatwa ya kwanza, kwa hoja kwamba wanafunzi wanaweza kuvumilia. Naomba mwenye kalamu aikate rangi ya ukuta. Alikate bamba. Mstari wa dari na mstari wa matundu ya hewa ibaki, na atakayetaka kuifuta apelekwe kwanza akae kwenye dawati la nyuma, chini ya bati tupu, mwezi wa Machi, kuanzia saa sita hadi saa tisa.